Kiti cha Gitaa

9 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua barua hii utaisoma kwa sauti kibarazani, kwa hiyo nawasalimu na majirani wote mnaosikiliza, hasa kinyozi. Mimi mzima, sina hata mafua. Juzi niliongea na Mama kwenye simu, akaniambia cherehani iliharibika na wewe ukaitengeneza, na tangu uitengeneze haishoni kabisa. Pole na masikio. Ningekupigia simu na wewe, lakini mtu aliyekaa miaka mingi ubavuni mwa mpiga ngoma hawezi kusimuliwa jambo kwenye simu bila mtaa mzima kulijua.

Haya, habari za kazi. Kazi inaendelea vizuri. Studio uliyonielekeza bado ipo palepale, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, na ngazi zake bado hazina taa. Nimo ndani kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Nilipomwambia dalali anayegawa kazi kwamba nina stashahada ya muziki, alifurahi sana, akawaita na wenzake waje kuniangalia.

Hukuniambia kwamba hapa hakuna anayejua jina la mtu. Ukishapanda ngazi unakuwa chombo chako. "Besi, umekula?" "Kinanda, mkeo kapiga simu." Mimi ni Gitaa wa Tatu. Wa Kwanza ana kitambi kinachoshikilia gitaa bila mkanda. Wa Pili anachukia watu wote kwa usawa, na hilo nimelipenda.

Mwambie Mama nakumbuka tulivyopatana. Ikifika mwisho wa Mei sina kiti changu mwenyewe, narudi nyumbani kuchukua ile nafasi ya ukarani ofisi ya maji. Ila asianze kunishonea sketi za ofisini. Nawajua ninyi.

Mpwa wako,
Gitaa wa Tatu


2 Februari

Profesa,

Marahaba. Nimeisoma kibarazani kama ulivyobashiri, na kinyozi akacheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Mama yako mzima. Cherehani niliitengeneza vizuri tu. Vile vyuma vitatu vilivyobaki mezani ni makosa ya kiwandani, waliweka vingi kupita kiasi. Sketi ya kwanza ameshaikata. Ya bluu.

Umeandika uko "ndani" tangu saa mbili. Mama, mimi nimezeekea pale. Ndani ya wapi? Mlango wa kioo uko mbele yako au nyuma yako? Maana kabla ya ule mlango kuna benchi, na mtu aliyekaa kwenye benchi hajaanza kazi, ameanza kuzeeka.

Sasa nisikilize mimi, uiache stashahada yako. Kwanza, usimwambie mtu tena kwamba unayo. Pili, ijue sheria ya kiti. Kiti cha chombo kikikaa kitupu dakika kumi, dalali anafungua mlango na kuita mtu wa benchi, na huyo akishaanza kupiga, kazi ni yake, hata mwenye kiti aje analia. Ndiyo maana sisi wa zamani tulikuwa hatukubali kiti kipoe. Ukichelewa, unatuma mtu wako akushikilie. Kwa hiyo wewe omba mvua. Omba foleni za magari. Omba mke wa Gitaa wa Kwanza ajifungue mapacha.

Tatu, waambie wewe ni mpwa wa nani! Waambie ule wimbo wa miaka ishirini na nne iliyopita, unaoanza na gitaa peke yake, ule ambao watu wanauita "Ule wa Gitaa" mpaka mwimbaji wake anakasirika. Waulize, gitaa lile alilipiga nani? Halafu nyamaza uwaone wanavyosimama.

Siku zile nakufundisha ningekupigia mwenyewe ukaona, lakini kidole changu unakijua, tangu kibanwe na mlango wa gari. Hata hivyo kwa mdomo tu nilikuimbisha noti zote ukazishika.

Mama yako ameniambia nisikuandikie habari za huo wimbo. Sijui kwa nini. Watu wanaoshona sana huwa na hasira.

Mjomba wako,
Mwenye Vidole Vyake


20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba sketi ya bluu imeungua. Chumba changu kizuri. Kina dirisha moja linalotazama dirisha la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine anapiga mswaki dakika ishirini kila asubuhi, kwa mapigo yasiyobadilika. Ningekuwa dalali ningemwajiri.

Sawa, ni benchi. Umefurahi? Ni benchi la mbao, lina msumari upande wa kushoto, na mimi mgeni ndiye ninayekaa upande wa kushoto.

Lakini nimeshafanya kazi moja. Tangazo la magodoro. Niliingia mlango wa kioo nikiwa na miaka mitatu ya chuo kichwani, nikapiga noti mbili. Ya kwanza mtu anapolala, ya pili anapoamka. Walinirudisha mara tisa kwa sababu ya kuamka. Mwenye magodoro alisema naamka kwa huzuni. Nilimjibu kwamba ndivyo ninavyoamka. Dalali akanivuta nje kwa kola.

Kuhusu kutaja jina lako, nilitaja. Nilisimama katikati ya benchi na chai mkononi nikauliza kama ulivyonifundisha, "Gitaa lile alilipiga nani?" Nikanyamaza. Hakuna aliyesimama. Gitaa wa Pili alisema, "Kila mtu hapa ni mpwa wa gitaa lile." Ila yule mzee wa mitambo, wanayemwita Masikio, ambaye anakaa nyuma ya kioo na kurekodi watu tangu sijazaliwa, alitoa kichwa nje akanitazama sana. "Wewe ni mtoto wa dada yake?" Nikasema ndiyo. "Mama yako bado yupo?" Nikasema yupo, mzima, anashona. Akasema, "Anashona," kama vile nimemwambia anauza mkaa mwezini, akarudi ndani.

Hakuuliza habari zako, mjomba. Nimeona ajabu.

Jambo lingine. Wanataka kuurekodi upya wimbo huohuo, na safari hii na vinanda vingi na waimbaji wa kuitikia. Atakayeupatia utangulizi, jina la chombo chake linaandikwa juu kabisa kwenye daftari la dalali, na benchi analisikia kwenye hadithi. Niandikie haraka kila unachokumbuka.

Mpwa wako,
Godoro


28 Machi

Profesa,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kumekuwa na mambo. Paa lilivuja juu ya kitanda changu, nikakihamisha, likaanza kuvuja kulikohamia kitanda. Kinyozi amegombana na muuza magazeti kuhusu nani alianza kukaa kibarazani kwangu, na mimi kama mwenye kibaraza imebidi niwasikilize wote wawili wiki mbili, na unajua ninavyosikia. Mama yako mzima. Fundi amevirudisha vile vyuma vitatu kwenye cherehani, sijui kwa nini, na sketi zimefika tatu.

Masikio ni mzee sasa, anachanganya mambo. Usimsumbue na maswali. Mzee akiulizwa habari za zamani presha inapanda.

Huo utangulizi upige kama nilivyokufundisha. Moja, mbili, tatu, nne, kila noti mahali pake, kama askari. Watakwambia kwenye wimbo wa asili noti ya tano inachelewa. Usiwasikilize. Ile kanda ilivutika kwa joto. Iliachwa dirishani. Mimi niliipiga sawasawa, kanda ndiyo iliyokosea, halafu watu wakalizoea kosa wakaliita utamu.

Au wakatalie kabisa. Kazi zipo nyingi. Hata ofisi ya maji wana redio.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii usiisome kibarazani.

Juzi mvua ilinyesha kama ulivyoniagiza niombe. Gitaa wa Kwanza alikwama njiani na Gitaa wa Pili alikuwa chooni. Dakika ya kumi dalali akafungua mlango, akatazama benchi, akashusha pumzi, akasema, "Haya, Godoro."

Nikakaa kwenye kiti. Kina mto uliochanika na bado una joto la watu. Mtayarishaji wa huku tunamwita Kata, kwa sababu ndilo neno lake. Nikapiga utangulizi wako, kila noti mahali pake.

"Kata! Gitaa, unapiga nini?"

"Utangulizi, mzee."

"Huo ni wa mtu anayefanya mtihani. Ule wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia ndio huu, na kwamba ule wa zamani kanda ilivutika kwa joto. Nilieleza vizuri, mjomba. Nilitumia na elimu ya chuo kueleza kanda inavyovutika. Kinanda alicheka mpaka akafunga kifuniko.

"Nani kakwambia?" akauliza Masikio kutoka nyuma ya kioo.

"Mjomba wangu. Ndiye aliyeupiga."

Akaweka kikombe chini. "Mjomba wako siku ile alifika tumeshazima mitambo. Alikuja anahema kama mbwa."

Halafu akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kanda yenyewe, ile ya kwanza kabla haijachanganywa na kupunguzwa kelele. Hata alama ya joto haina. Akanivalisha hedifoni, akafungua gitaa peke yake. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha mtoto mchanga ananung'unika, karibu kabisa na maikrofoni, na nyuzi zinagusika kidogo kama zimeshikwa. Kisha sauti ya mwanamke, chini sana: "Acha, mama. Acha." Halafu noti ya tano.

Mimi mpaka leo naitwa "mama" na mtu mmoja kwa sauti hiyo.

Sikulia. Niliomba kwenda kunawa uso, nikakuta Gitaa wa Pili bado yumo.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya studio niliifanya nikiwa na miezi minane, na kama ilivyo kawaida ya kazi hii, sikulipwa wala sikutajwa. Nimekaa usiku na mchana nikikumbuka. Nina miaka kumi na miwili, wewe unaniimbia noti kwa mdomo, na Mama anapita na nguo begani, anasema "cha tatu" bila kunitazama, nami nahamisha kidole cha tatu na inakuwa sawa. Nilidhani anahesabu vifungo.

Nilimpigia simu. Nikamuuliza, "Mama, wewe ulipiga gitaa?" Akasema pasi inaunguza nguo, akakata. Ile pasi, mjomba, imekufa tangu mwaka juzi. Tunazuilia mlango.

Kata amesema wale waimbaji hawajawa tayari, kwa hiyo nina hadi wiki ya mwisho ya Mei kurudi na noti ya tano. Kila mtu ameshindwa. Gitaa wa Kwanza amejaribu mara saba, akaambiwa anachelewa kama mtu aliyeachwa na basi. Mimi nimejaribu kuhesabu ucheleweshaji wenyewe kwa saa, nimeuandika kwenye karatasi kwa alama zote za chuoni, na nikiupiga inasikika kama karatasi.

Nataka kujua mawili. Siku ile ilikuwaje? Na kwa nini mtu aliyepiga vile anashona sketi?

Mpwa wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na wasalimie wote.

Posta wananiambia barua kutoka kwenu inachukua siku nne. Kwa hesabu yangu uko kwenye siku ya ishirini na moja. Sasa wewe ndiye unayechelewa vizuri kuliko kanda.

Mimi


14 Mei

Profesa,

Marahaba. Nimeandika barua hii mara tano. Ya kwanza ilikuwa na habari za paa.

Barua yako sikumsomea mtu. Niliisoma chumbani, na mlango nimeufunga. Lakini mama yako alikuwa upande wa pili wa ukuta anashona, na nilipofika penye mtoto kunung'unika cherehani ikasimama. Nami nilikuwa nasoma kimya. Inaonekana kimya changu na chenyewe kina kelele.

Siku ile nilikubali studio mbili kwa saa moja. Mimi ni mtu wa watu, sijui kusema hapana, na pia nilitaka viatu. Mama yako alikuwa anakaa kwangu na wewe. Alikuwa amejifunza gitaa kwa kuliiba nikilala, na mimi nilikuwa mtu wa kulala sana, kwa hiyo akajifunza sana. Nikamwambia, "Dada, nenda ukakae tu kwenye kiti, wasimwite mtu wa benchi. Ukae, basi." Akaenda na wewe mapajani. Mtayarishaji wa wakati ule hakuwa na subira. Alisema anayekaa kwenye kiti cha gitaa apige gitaa. Nilipofika wameshazima mitambo, na kwenye daftari palikuwa pameandikwa jina langu, kwa sababu kiti kilikuwa changu. Sikuliandika mimi. Hilo naomba ulione.

Wimbo ukatoka. Kila studio ikaniita nipige "kama ule". Nikajaribu wiki tatu. Noti ya tano nilikuwa naichelewesha, nayo inakuja kama mtu aliyesahau kwa nini ameingia chumbani. Hapo ndipo kidole kikaumia. Hakuna mlango wa gari, mama. Sijawahi kuwa na gari. Hilo ungelishtukia mwenyewe, una stashahada.

La pili uliloniuliza sikutaka kulijibu. Masikio alikuja nyumbani kumtafuta. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Nikamwambia dada yangu amesafiri, harudi. Alikuwa nyuma ya pazia anakunyonyesha. Hakutoka. Masikio alipoondoka nikamwambia, "Wakijua ni wewe, mimi nitakula wapi?" Akasema, "Sawa, kaka." Wiki iliyofuata akaniomba nimtafutie cherehani. Lile gitaa ulilopewa ukiwa na miaka kumi na miwili, ukanishukuru mimi, yeye ndiye aliyekuwa amelifunga kwenye shuka miaka yote hiyo.

Sasa umejua. Naomba ufikirie jambo moja. Mimi hapa nina kibaraza. Watu wanakuja, wananiuliza habari za Ule wa Gitaa, nawasimulia, jioni inakwisha. Ukinivua wimbo huo nabaki mzee asiyesikia mwenye paa linalovuja. Piga huo utangulizi, uchukue kiti chako, na haya mengine yabaki kati yako na

mjomba wako.

Mama yako amesema na yeye ataandika. Nampa kalamu.

*Mama, hujambo. Usihesabu. Ukifika pale, jione kama kuna mtu amekushika mkono. Usimvute. Ngoja mpaka akuachie. Sketi zako nimemuuzia binti wa kinyozi.*


31 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Jirani wa mswaki amehama, nimepata usingizi, nimekosa mwalimu.

Jumanne dalali aliniita mwenyewe, na hapakuwa na mvua. Nikakaa. Nilikuwa na ile karatasi yangu ya alama mfukoni, nikaitoa nikaisukuma chini ya mguu wa kiti, kwa sababu kiti kilikuwa kinacheza. Ni mara ya kwanza chuo kimenisaidia.

Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Pale nikangoja. Nilingoja mpaka nikaona midomo ya Kata inaanza kutengeneza neno lake. Kisha mkono ukaniachia.

Kata hakusema Kata. Wimbo ulipoisha akainamia karatasi zake. "Gitaa, kesho saa mbili." Si wa Tatu, si Godoro. Gitaa wa Kwanza ameniachia mto wake uliochanika, anasema mgongo wake umechoka kukaa.

Baadaye Masikio aliniita nyuma ya kioo. Alikuwa amefungua daftari la miaka ishirini na nne iliyopita, ukurasa wenyewe, na jina lako lipo pale kwa wino wa bluu. Akaniwekea kalamu juu yake. "Naenda kuchemsha chai," akasema. Chai ilikuwa imeshachemka.

Sikulikata jina lako, mjomba. Nililiacha lilivyo, nikaandika mbele yake kwa herufi zinazosomeka: "hakuwepo, kiti kilikaliwa na dada yake, ndiye aliyepiga." Halafu kwa kuwa na mimi nilikuwepo, nikaongeza chini: "Kosa: binti yake, miezi minane." Masikio aliporudi akasoma, akaweka sahihi na tarehe. Ananiagiza nimwambie Mama kwamba safari yake imekuwa ndefu mno.

Nimefikiria kibaraza chako kama ulivyoomba. Nimekifikiria sana, kuliko ulivyofikiria wewe pazia. Sitaki kukuondoa. Unasimulia vizuri, na hadithi ya kweli ni nzuri kuliko uliyokuwa unawapa. Ina studio mbili, ina viatu, ina mtu anayehema kama mbwa. Kinyozi atacheka, na safari hii utaona panapochekesha.

Kwa hiyo barua hii isome kibarazani. Kwa sauti yako ile. Mwambie Mama asimamishe cherehani, atoke nje, akae kwenye kiti chako. Wewe unaweza kusoma umesimama. Na ukifika hapa nilipoandika kwamba ni yeye, usiharakishe.

Ngoja.

Mpwa wako,
Gitaa